Tarehe ya Lofti za SoHo: Kutoka Bohari la Nguo Hadi Makao ya Matajiri

Katika mtaa wa SoHo, ulio upande wa kusini wa kisiwa cha Manhattan katika jiji la New York, baina ya barabara ya Houston kwa kaskazini na barabara ya Canal kwa kusini, huuzwa nyumba za namna ambayo matajiri wa dunia huishindania kwa mamilioni ya dola. Nazo si majumba yenye bustani wala si makasri yenye baraza, bali ni orofa za majengo ya kale, zijulikanazo kwa jina la lofti, ambazo kila moja ni sakafu nzima isiyokatwa kwa kuta, inayoanzia madirisha ya mbele yatazamayo njia na kukomea madirisha ya nyuma yatazamayo ua. Dalali anapomwonyesha mnunuzi nyumba ya aina hii aghalabu husifu mambo manne: upana wa sakafu, urefu wa dari, ukubwa wa madirisha, na nguzo za chuma zilizosimama katikati. Sifa hizo ni za kweli, walakini hapana hata moja kati ya hizo nne iliyowekwa pale kwa ajili ya raha ya mtu alalaye. Sakafu ilitandazwa pana ili ichukue marobota ya nguo na safu za cherehani. Dari iliinuliwa juu ili shehena ipate kupangwa. Madirisha yalipanuliwa kwa sababu mshonaji hakuwa na taa ya kumtosha. Na nguzo zilifanywa za chuma kwa sababu mzigo ulikuwa mzito. Mwenye kununua lofti hununua pamoja nayo kazi ya watu wengi waliomtangulia, na ni insafu ayajue mambo yao.

Ardhi yenyewe ina tarehe iliyo ya kale kuliko chuma. Mwaka 1644, zama Waholanzi walipokuwa wakitawala kisiwa hicho na mji ukiitwa New Amsterdam, gavana Willem Kieft aliwapa Waafrika 11, waliokuwa watumwa wa Kampuni ya Uholanzi ya West India, uhuru wa nusu pamoja na mashamba nje ya mji kwa upande wa kaskazini. Ulikuwa uhuru wa nusu kwa maana halisi, kwani kila mwaka walipaswa kutoa sehemu ya mavuno yao kwa Kampuni, na watoto wao, waliozaliwa na ambao hawajazaliwa bado, walibaki katika utumwa. Mashamba yao na ya wenzao waliofuata yalienea katika sehemu ambazo leo zimo ndani ya SoHo na mitaa jirani yake. Baadaye ardhi iliingia mikononi mwa wenye mali, hasa ukoo wa Bayard, ikakatwa viwanja. Na baada ya mfereji uliopita mahali pa barabara ya Canal kufunikwa mwaka 1819, watu wa wastani walijenga hapo nyumba za matofali, wakakaa kwa utulivu.

Hali ya mtaa ilikuwa hiyo mwaka 1840, ambao kwa watu wa pwani yetu ni mwaka wa kukumbukwa, maana ndipo Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alipoituma merikebu yake Sultana hadi New York, akimweka Ahmad bin Naaman kuwa wakili wake. Merikebu ilitia nanga mwishoni mwa Aprili ikiwa na tende, kahawa, karafuu, pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Wakuu wa jiji wakampokea mgeni kwa taadhima, naye akachorwa picha na mchoraji wa huko. Na ilipong'oa nanga mwezi wa Agosti ilichukua, miongoni mwa bidhaa nyingine, nguo za pamba za Marekani, zile zile ambazo watu wa pwani waliziita merikani na kuzivaa kutoka Lamu hadi Kilwa. Kama Ahmad bin Naaman alitembea kaskazini ya barabara ya Canal, aliona nyumba za kuishi na watoto wakicheza milangoni. Lakini biashara hiyo hiyo ya nguo iliyomfikisha huko ndiyo iliyokuja kuugeuza mtaa wote kuwa bohari kabla kizazi kimoja hakijapita.

Kwanza ulikuja wakati wa fahari. Kufika miaka ya 1850 njia ya Broadway ilikuwa imejaa maduka ya vito na hariri; hoteli ya St. Nicholas ilifunguliwa hapo mwaka 1853. Tamthilia zilichezwa usiku katika Niblo's Garden. Na nyuma ya fahari hiyo, katika njia za Mercer na Greene, palikuwa na nyumba za ufuska ambazo kila mgeni wa jiji alizisikia. Jamaa zenye hadhi zilihama kwenda kaskazini, na mahali pao pakashikwa na wafanyabiashara. Mwaka 1857, katika pembe ya Broadway na Broome, alijengewa duka la orofa tano Eder V. Haughwout, muuzaji wa vyombo vya kauri, bilauri na mataa ya kuning'inia. Mchoro wake ulikuwa wa John P. Gaynor, na nyuso zake mbili za chuma zilitoka katika kiwanda cha Daniel Badger. Ndani ya duka hilo Elisha Otis alitia lifti ya watu iliyoendeshwa kwa nguvu ya mvuke, nayo huhesabiwa kuwa lifti ya kwanza ya abiria iliyofaulu katika jengo la biashara. Kabla ya chombo hicho, kila daraja ya ngazi iliipunguzia orofa thamani yake. Baada yake, orofa ya juu ilianza kupanda bei. Jengo hilo limesimama hadi leo.

Chuma kilichotumiwa kilikuwa chuma cha kusubu, na ufundi wake wastahili kuelezwa, kwa maana ndio uliozaa sura ya mtaa mzima. James Bogardus, fundi wa saa na mvumbuzi, alipata hati ya haki ya uvumbuzi wake mwaka 1850, akaonyesha kwamba jengo laweza kufanywa vipande kiwandani na kuungwa kiwanjani. Fundi alichonga ubao kwa umbo la nguzo, au taji ya nguzo, au tao la dirisha, akaushindilia katika mchanga wenye unyevu, akautoa, na katika tundu lililobaki akamimina chuma kilichoyeyuka. Kilipopoa kilitiwa tupa na kulainishwa, vipande vikajaribiwa kuungwa pamoja kiwandani, vikatiwa alama, kisha vikabebwa kwa mikokoteni na kukazwa kwa bolti mbele ya kuta za matofali. Mwisho vilipakwa rangi vifanane na marumaru au mawe ya kuchonga. Nakshi ambayo mchonga mawe angeimaliza kwa miezi kadhaa ilipatikana kwa siku chache, na kalibu ile ile iliweza kutoa nguzo 50 zisizopishana. Kwa njia hiyo mwenye bohari la kofia aliweza kujengewa uso wa jengo ulioiga majumba ya fahari ya Venice na Paris, kwa gharama ambayo biashara yake iliimudu.

Wasanifu wa majengo hayo, kama Henry Fernbach na Isaac Duckworth, walifanya kazi ndani ya mipaka migumu. Kiwanja cha kawaida kilikuwa na upana wa futi 25 na urefu wa futi 100, kimebanwa na majirani kwa pande zote mbili, hata nuru haikuweza kuingia ila kwa mbele na kwa nyuma. Hapo chuma kilileta faida ambayo jiwe halikuwa nayo, kwa kuwa nguzo nyembamba ya chuma iliweza kubeba uzito uliohitaji ukuta mnene wa mawe, na nafasi iliyobaki ikatiwa kioo. Hata vyumba vya chini ya ardhi vilitafutiwa mwanga: njiani mbele ya maduka yalitandikwa mabamba ya chuma yaliyopachikwa vioo vidogo vya duara, ili jua lipite chini ya nyayo za wapita njia na kuwafikia wapangaji wa mizigo. Majengo mawili ya Duckworth katika njia ya Greene, yaliyokamilika mwaka 1873, yalipewa na watu majina ya Mfalme na Malkia wa Greene Street, na ajuaye mapambo ya chuma hatashangaa kwa nini.

Lakini nyuma ya nyuso hizo za kifalme walikaa watu wasio wafalme. Mahamali walipandisha marobota kwa kapi na kamba, na baadaye kwa lifti za mizigo. Wakataji walikata kitambaa juu ya meza ndefu. Na wanawake, wengi wao wahamiaji kutoka Italia na Wayahudi kutoka mashariki ya Ulaya, walishona karibu na madirisha kutoka asubuhi hadi mwanga ulipokwisha. Biashara kubwa ya mavazi ilipohamia sehemu za kaskazini za jiji mwanzoni mwa karne ya 20, orofa zilizoachwa zilishikwa na karakana ndogo za nguo za ndani, masanduku ya karatasi, manyoya na wanasesere, na maghala ya matambara yaliyokusanywa ili yauzwe tena. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wafanyakazi wengi walikuwa watu wa Puerto Rico na Wamarekani weusi, waliolipwa ujira mdogo na wasio na mahali pengine pepesi pa kupata kazi.

Hatari ya majengo hayo ilikuwa moto. Chuma cha kusubu hustahimili uzito, lakini kikipata joto kali kisha kikamwagiwa maji baridi hupasuka ghafla. Na sakafu za mbao zilikuwa zimekunywa mafuta ya mashine kwa miaka mingi. Mwezi wa Februari 1958 jengo la njia ya Wooster liliporomoka katika moto na kuua wazima moto 6. Mwezi uliofuata, katika karakana ya nguo za ndani iliyokuwa Broadway, hatua chache kaskazini ya Houston, walikufa watu 24. Watu wa zimamoto waliuita mtaa huo Ekari Mia za Jahanamu, na wako waliosema heri ubomolewe wote. Jiji lilimwagiza mtaalamu wa mipango Chester Rapkin auchunguze, na taarifa yake ya mwaka 1963 ilitoa hoja kinyume cha wabomoaji: kwamba karakana hizo zilizodharauliwa zilikuwa riziki ya watu wengi wa tabaka la chini, na kuzivunja ni kuwanyima kazi wale ambao jiji halikuwa na kazi nyingine ya kuwapa.

Balaa nyingine ilikuwa barabara. Robert Moses, aliyekuwa mkuu wa ujenzi wa barabara na madaraja ya New York kwa muda mrefu na mwenye nguvu kupita wengi waliochaguliwa kwa kura, alitaka kupitisha juu ya njia ya Broome barabara kuu ya magari yenye njia kumi, iunganishe mahandaki na madaraja ya pande mbili za kisiwa. Ingewahamisha jamaa zipatazo 2,000 na kufuta mamia ya karakana na maduka. Shauri hilo lilining'inia juu ya mtaa kwa zaidi ya miaka 20, na athari yake ilikuwa ya ajabu: maadamu majengo yalitazamiwa kubomolewa, hapana mwenye mali aliyeyatengeneza, hapana benki iliyoyakopesha, na ijara ikaanguka. Uchakavu huo, ulioletwa na khofu ya kubomolewa, ndio uliowafungulia wasanii mlango.

Wachoraji na wachongaji wa wakati ule walikuwa wamekwisha kuacha picha ndogo za kuning'inizwa sebuleni, wakafanya kazi zilizohitaji ukuta mpana na sakafu imara, navyo walivikuta katika lofti kwa kodi ambayo fukara aliweza kuilipa. Lakini sheria ilikataza mtu kulala humo. Waliishi kwa kujificha: walitundika mapazia mazito usiku ili mwanga usionekane njiani, walificha vitanda na majiko mkaguzi alipobisha, na walivumilia baridi ya usiku kwa sababu moto wa kupasha jengo ulizimwa kazi ilipokwisha. Mwaka 1961 waliungana na kutishia kuondoa kazi zao katika maonyesho, na Meya Robert Wagner akakubali baadhi yao wakae, kwa sharti kwamba kibao kiwekwe nje ya jengo kuonyesha orofa anayoishi msanii, ili wazima moto wajue mahali pa kumwokoa.

Mwaka 1967 George Maciunas, mzaliwa wa Lithuania na kiongozi wa kundi la wasanii lililoitwa Fluxus, alinunua jengo nambari 80 la njia ya Wooster, akalifanya ushirika ambao kila msanii alikuwa na sehemu yake, akaendelea na majengo mengine kwa mtindo huo huo. Hakufuata taratibu zote za serikali, akagombana na wanasheria wa jimbo na mafundi waliomdai. Mwaka 1975 alipigwa vibaya hata akapoteza uoni wa jicho moja, naye akafa mwaka 1978 bila utajiri. Mchongaji Donald Judd alinunua mwaka 1968 jengo zima la orofa tano, nambari 101 njia ya Spring, kwa dola 68,000. Mwaka huo huo Paula Cooper alifungua nyumba ya maonyesho njia ya Prince, na kufika mwaka 1971 Leo Castelli na wenzake wenye nyumba za maonyesho walikuwa wamehamia West Broadway, wakiwavuta wanunuzi matajiri nyuma yao.

Vita vya barabara navyo vilifikia mwisho. Wakazi wa njia ya Broome, padri wa kanisa lao Gerard La Mountain, wasanii, na mwandishi Jane Jacobs, aliyetiwa mbaroni Aprili 1968 katika kikao cha hadhara juu ya shauri hilo, walisimama pamoja mpaka mwaka 1969 Meya John Lindsay alipoliacha. Mwaka 1971 jiji liliruhusu wasanii waliothibitishwa kuishi na kufanya kazi katika lofti za SoHo. Upande mwingine Margot Gayle, mwanamke aliyekuwa na mapenzi makubwa na majengo ya kale, aliwatembeza watu mitaani akiwa na sumaku mkononi, awathibitishie kwamba waliyoyadhania kuwa mawe ni chuma. Na tarehe 14 Agosti 1973 jiji liliuweka mtaa, wenye majengo yapatayo 500, katika ulinzi wa sheria, hata ikawa hapana awezaye kubomoa uso wa chuma bila ruhusa.

Tangu hapo thamani ilipanda bila kusimama. Magazeti yalichapa picha za lofti zenye sakafu zinazong'aa. Katikati ya miaka ya 1970 jiji likawapunguzia kodi waliogeuza majengo ya biashara kuwa ya kuishi. Na mawakili, watu wa benki na waigizaji wakataka kukaa walikokaa wachoraji, hata pale ambapo kanuni ilitaka cheti cha msanii. Mwenye jengo aliyekuwa akipokea kodi ndogo ya cherehani aliona faida ya kutoifanya upya mikataba ya karakana. Mwanachuoni Sharon Zukin alilieleza jambo hilo katika kitabu chake Loft Living cha mwaka 1982, akionyesha kwamba mtindo huu wa kuishi haukujaza nafasi tupu tu, bali ulichangia kuwasukuma nje wenye viwanda vidogo na wafanyakazi wao. Mwaka huo huo jimbo la New York lilitunga Sheria ya Lofti, iliyowalinda wapangaji waliokaa humo bila kibali na kuwalazimisha wenye majengo kuyatengeneza yawe salama. Katika miaka ya 1990 nyumba nyingi za maonyesho zilihamia mtaa wa Chelsea kwa kushindwa na kodi, na mahali pao pakafunguliwa maduka ya mavazi ya fahari. Mwezi wa Desemba 2021 baraza la jiji lilibadili tena kanuni za mtaa ili nyumba zaidi zijengwe, nyingine kwa ajili ya watu wa kipato kidogo.

Ukiyapanga mambo haya kwa taratibu utaona hukumu yake wazi. Sheria ilihifadhi chuma, na ilifanya vyema, kwa maana bila sheria ile nyuso za chuma zingeweza kubomolewa bila ruhusa. Sheria ilimhifadhi msanii kwa kiasi, muda mfupi na kwa masharti. Mshonaji na hamali hawakuhifadhiwa na sheria yoyote, ijapokuwa nguzo, dari, madirisha na sakafu vilifanywa kwa ajili ya kazi yao, na ijapokuwa taarifa ya mwaka 1963 ilikuwa imekwisha kuwataja. Walipoondoka hapana aliyewawekea kibao.

Majengo ya kale ya biashara yanageuzwa makao katika miji mingi ya dunia, na kugeuzwa si kosa, kwa maana jengo lisilotumiwa huanguka. Kosa ni kudhani kwamba kuokoa kuta ni kuokoa mji. Kila baraza la mji litakalokaa kuamua juu ya bohari au karakana yake na liweke mezani, kando ya michoro ya msanifu, orodha ya watu wanaopata riziki ndani yake, na lisitoe kibali mpaka limejibu watu hao watakwenda kufanya kazi wapi.